Okidi, anthuriamu na ua jeupe katika nyumba ya mawe: kwa nini majani ni mengi na maua hayapo

Swali: «Assalaam alaykum, mwalimu. Ninaishi Mkunazini, orofa ya pili, katika nyumba ya zamani ya mawe. Mwaka jana mume wangu aliniletea kutoka Dar es Salaam okidi ya maua meupe, anthuriamu nyekundu, na ule mmea wa majani marefu ya kijani unaotoa ua jeupe juu ya kijiti, ambao muuzaji aliuita spathifilamu. Okidi ilikaa na maua yake zaidi ya miezi miwili, yakapukutika, na tangu hapo ni majani tu. Anthuriamu inakauka ncha za majani, na majani ya chini yanageuka manjano. Ule wa tatu umenawiri lakini haujachanua tena. Nayatia maji ya kisima kila asubuhi, na yamekaa sebuleni karibu na feni. Wenzangu wananiambia kuwa maua haya ni ya nchi za baridi na hayataki Unguja. Je, niyaache, au kuna la kufanya?»

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Usiyaache maua yako, wala usiwasikilize wanaosema kuwa ni ya nchi za baridi, kwa sababu asili ya yote matatu ni misitu ya joto na mvua. Okidi yako, kwa namna ulivyoieleza, ni ile iitwayo falenopsisi, ambayo jamaa zake wa porini huota juu ya miti katika Ufilipino, Indonesia na nchi za jirani. Anthuriamu nyekundu asili yake ni Kolombia na Ekwado. Na spathifilamu wengi nao wametoka katika misitu ya Amerika ya kati na ya kusini. Mtu anayeyatunza London au Amsterdam hulazimika kuipasha nyumba moto na kuongeza unyevu hewani ili yasinyauke, mambo ambayo wewe unayapata bure mwaka mzima. Shida ya nyumba yako iko kwingine: mwanga ni mdogo, mizizi haipati hewa, maji yana chumvi, na okidi, peke yake miongoni mwa hayo matatu, inangoja usiku wenye ubaridi ambao kuta za mawe haziuruhusu kuingia ndani. Nitaanza na mizizi, kwa kuwa mmea uliooza mizizi hata ukitimiziwa mengine yote hauna nguvu ya kuchanua.

Itoe okidi katika chungu chake, polepole, uitazame mizizi yake. Mzizi ulio mzima ni mnene na mgumu ukiubonyeza; ukiwa mkavu una rangi ya fedha, na ukiloa hugeuka kijani katika muda mfupi, kwa sababu umevikwa ngozi nyeupe yenye vitundu vingi vidogo vinavyonyonya maji ya mvua kwa haraka na kuyahifadhi. Mzizi uliooza ni wa kahawia na umelegea, na ukiuvuta kwa vidole ile ngozi huchomoka yote na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Nina wasiwasi kwamba mingi utaikuta ya namna hii ya pili, kwani kumwagilia kila asubuhi ni kuinyima mizizi hiyo nafasi ya kukauka, nayo iliumbwa kushika gome la mti, inyeshewe, kisha ipigwe na upepo. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, nenda kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani ukatazame vanila, ambayo nayo ni okidi, uone ilivyoukumbatia mti kwa mizizi ya hewani, na chini yake hapana ila majani makavu yanayooza, laini, yanayopitisha maji mara moja.

Kata mizizi yote iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, uiache iliyo mizima hata ikiwa ni michache, kisha uweke mmea kivulini siku nzima bila ya kuupanda ili majeraha yakauke. Mchanganyiko wa kuupandia hauhitaji kuagizwa kutoka nje, maana makumbi ya nazi kwetu yapo kila pahala na yanafaa vizuri. Yakate vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, uyachanganye na vipande vya mkaa wa kupikia vinavyolingana navyo, sehemu tatu za makumbi kwa sehemu moja ya mkaa. Jambo la kuzingatia ni chumvi. Makumbi yenyewe yana chumvi yake ya asili, na yale yaliyofukiwa katika matope ya pwani kwa ajili ya kutengenezea usumba yamenyonya maji ya bahari hadi ndani, kwa hiyo hayo usiyatumie kabisa. Hata yanayotoka jikoni kwako yaloweke katika ndoo ya maji matamu kwa siku tano au sita, ukiyamwaga maji kila siku na kutia mengine. Ya siku ya kwanza yatatoka rangi ya kahawia iliyokoza, na yatakapoanza kutoka yakiwa karibu na weupe ndipo makumbi yamekuwa tayari. Usitie mchanga wa ufukweni, wala vipande vya matumbawe, wala udongo wa shamba, na samadi uihifadhi kwa mimea mingine. Chungu kiwe na matundu mengi, chini na ubavuni. Kwa okidi napendelea chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani kuliko kingine chochote, kwa sababu utaiona mizizi bila ya kuisumbua. Kopo la plastiki lililotobolewa kwa msumari wa moto hufanya kazi hiyo hiyo.

Baada ya hapo, usimwagilie kwa kufuata siku, fuata mizizi. Ikiwa ni ya rangi ya fedha na chungu ni chepesi mkononi, tia maji mengi mpaka yachuruzike chini, kisha uyaache yote yatoke. Wakati wa kipupwe hili huwa takriban mara moja kwa wiki, na katika joto la kaskazi, feni ikizunguka, huenda ikawa kila baada ya siku tatu au nne. Tia asubuhi, na ukiona maji yametuama katikati ya majani, pale jani jipya linapochomoza, yafute kwa pamba, kwa sababu okidi hii ina shina moja tu la kukulia na kiini hicho kikioza mara nyingi ndio mwisho wake. Feni si adui. Hewa inayotembea huizuia mizizi na majani kuoza, ila isiupulize mmea usoni siku nzima. Kisahani kilicho chini ya chungu kimwagwe kila mara, kwa ajili ya mizizi na kwa ajili ya afya ya nyumba, maana mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana katika maji machache kama hayo.

Maji ya kisima ndiyo ninayoyatilia shaka zaidi kwa hali ya anthuriamu. Unguja imekaa juu ya jiwe la chokaa na matumbawe, hivyo maji ya chini ya ardhi hubeba chokaa, na Mji Mkongwe, uliozungukwa na bahari pande kadhaa, visima vyake huongezewa na chumvi ya bahari. Ukoko mweupe unaougandua ndani ya birika na ule unaojikusanya ukingoni mwa chungu cha maua chanzo chake ni kimoja. Maji ya mfereji kwa kawaida ni nafuu kuliko ya kisima kilicho karibu na pwani, lakini mengi nayo hutoka katika jiwe lilelile. Kilicho bora ni maji ya mvua: masika yakianza, kinga mapipa mawili chini ya paa na uyafunike vizuri, na vuli nayo itakuongezea. Yakimalizika, yako maji ambayo watu wengi huyaacha yadondoke kichochoroni, nayo ni yale yanayotoka kwenye kiyoyozi. Hayo ni unyevu wa hewa uliopoozwa ukawa maji, karibu hayana chumvi wala chokaa, na kwa maua ya mapambo yanafaa sana. Ikiwa huna budi kutumia ya kisima, basi mara moja kwa mwezi mimina maji matamu yapite ndani ya chungu, mara tatu ya ujazo wa chungu chenyewe, ili yasafishe chumvi iliyojilimbikiza.

Juu ya mwanga, vitabu vingi vitakupoteza, kwa kuwa vimeandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba, jua la saa sita mchana hupita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Dirisha lililokuwa salama wakati wa kipupwe laweza kuunguza majani wakati wa kaskazi, na kinyume chake. Tena nyakati zote jua la mchana huwa juu sana, likapiga paa badala ya kuingia dirishani, na katika mtaa wa vichochoro vyembamba kama Mkunazini hata lile linaloinama huzuiwa na nyumba ya jirani. Ndiyo maana nje watu hufumba macho kwa weupe, na ndani, hatua tatu tu kutoka dirishani, mmea una njaa.

Lipime jambo hili kwa mkono wako. Siku ya jua, karibu na saa sita, nyoosha kiganja juu ya majani kwa kadiri ya urefu wa rula. Usipoona kivuli chochote, pahala hapo ni pa giza kwa ua lolote. Ukiona kivuli chenye ukingo uliofifia, okidi na anthuriamu zitaridhika. Ukiona kivuli kikali kilichochorwa vidole vyote, majani yataungua. Majani yenyewe pia hutoa ushahidi. Okidi yenye majani ya kijani kilichokoza sana, laini na marefu kupita kiasi, haipati mwanga wa kutosha, ingawa wengi huifurahia kwa kudhani kuwa imenawiri. Inayopata kiasi chake huwa na kijani kilichopauka kidogo, na iliyozidiwa huingia wekundu ukingoni mwa majani. Isogeze hadi dirishani kabisa, au kwenye roshani yenye kivuli, ikiwezekana upande wa mashariki, kwani jua la kabla ya saa tatu asubuhi halina madhara. Upande wa magharibi tundika pazia jepesi. Na kama roshani yako ina pembe inayopigwa na jua kali mchana kutwa, pembe hiyo iachie chungu cha asumini, ambaye yeye hulitaka jua hilo na hupunguza matumba akinyimwa.

Sasa nifike kwenye lile hasa uliloniuliza, kwamba okidi imechanua mara moja kisha basi. Falenopsisi huanza kutoa kikonyo cha maua inapopata wiki kadhaa za ubaridi wa wastani, kati ya nyuzijoto 18 na 25 hivi. Joto likizidi nyuzi 28 mfululizo, huendelea kutoa majani, yenye afya kabisa, bila ya kikonyo. Wakulima wa biashara, na Uholanzi ni miongoni mwa wakuu wao, huizalisha ndani ya nyumba za vioo ambamo joto hupunguzwa kwa makusudi mpaka kila mmea utoe kikonyo, ndipo hupelekwa sokoni. Okidi iliyofika kwako ilikuwa imekwisha kuandaliwa kwa njia kama hiyo, na kilichochanua sebuleni kwako kilianzishwa mahali pengine. Hukuuziwa mmea mbovu, wala mkono wako hauna kasoro.

Angalia sasa mwaka wetu ulivyo. Katika miezi ya kaskazi mchana hufika nyuzi 32 na zaidi, na usiku kwa kawaida hauteremki chini ya 24 au 25. Hapo usiitarajie okidi kutoa chochote zaidi ya jani. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 22, na hiyo ndiyo nafasi yako ya pekee kwa mwaka. Lakini nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, ambayo kuta zake nene hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, hukuzuilia ubaridi huo usiingie ndani, na okidi iliyo sebuleni haijui kuwa kipupwe kimefika. Kwa hiyo, mwanzoni mwa Juni itoe nje kabisa, roshani au juu ya paa, penye kivuli mchana, ikae huko usiku na mchana hadi mwisho wa Agosti. Ikinge na upepo wa kusi, ambao hurusha chumvi ya bahari hadi juu ya mapaa, na mara moja kwa wiki yapanguse majani kwa kitambaa kilichoroweshwa maji ya mvua. Msomaji aliye Pemba atafanya vivyo hivyo, ila aiweke chini ya upenu, kwa sababu mvua za huko ni nyingi kuliko za kwetu na kiini hakitapata kukauka. Asiye na roshani wala paa anaweza kuiweka katika chumba chenye kiyoyozi kilichopangwa kati ya nyuzi 22 na 24, kila usiku kwa muda wa wiki sita, mbali na mkondo wa hewa yenyewe, na asubuhi airudishe dirishani penye mwanga. Mwanga hapa hauna mbadala: ubaridi bila ya mwanga hautakupa kikonyo.

Tangu katikati ya Julai anza kukagua chini ya majani, pale jani linapokutana na shina. Kitachomoza kitu cha kijani, nawe utashindwa kujua kama ni mzizi au kikonyo. Mzizi mpya una ncha ya duara inayong'aa, laini pande zote, na baada ya siku chache nyuma yake huanza kuvaa ile ngozi ya rangi ya fedha. Kikonyo kina ncha iliyochongoka na kubapa kidogo upande mmoja, na ukikitazama kwa karibu utaona kimefunikwa na kigamba kidogo kilichopandana juu ya kingine. Nacho huelekea kwenye mwanga. Ukishakiona, usikigeuze chungu, la sivyo maua yatapindana. Kutoka hapo hadi ua la kwanza kufunguka ni kiasi cha miezi mitatu, kwa hiyo kikonyo cha Agosti ni maua ya Novemba. Mbolea ya maji yenye namba 20-20-20 yatosha, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, mara moja kila wiki mbili, juu ya mizizi iliyokwisha kuloa. Kikonyo cha zamani, ikiwa bado ni cha kijani, watu hukikata juu ya kifundo cha tatu wakingoja tawi jipya; kwa mmea wako, ambao huenda umepoteza mizizi mingi, mimi ningekikata chote ili nguvu ziende kwenye mizizi.

Matumba yakishatokea, kuna jambo la nyumba zetu ambalo lazima nilitaje. Okidi huathiriwa na gesi ya ethilini, ambayo hutolewa na matunda yanayoiva na pia hupatikana katika moshi, na matumba yakiivuta hugeuka manjano na kuanguka kabla ya kufunguka. Mkungu wa ndizi ulioning'inizwa karibu, au sinia la maembe mezani, watosha kuyapukutisha. Na chetezo cha udi au ubani, ambacho sebule ya Kiunguja haikosi jioni, kisiwashwe katika chumba kilekile chenye okidi yenye matumba. Ama ifukize sebule okidi ikiwa roshani, ama uihamishie chumba kingine tangu mwanzo.

Anthuriamu haingoji ubaridi wowote. Ikishakomaa, kila jani jipya huja na ua lake pale linapoungana na shina, iwapo mwanga unatosha, kwa hiyo mmea unaotoa jani baada ya jani bila ya ua unakuambia waziwazi kuwa umewekwa gizani. Ule wekundu wenyewe ni jani lililobadilika rangi. Maua ya kweli ni vijipunje vilivyojipanga juu ya kile kijiti cha katikati, na hukaa na uzuri wake wiki sita hadi nane. Kukauka kwa ncha ni chumvi ya maji, na manjano ya majani ya chini, ikiwa jani moja moja tu, ni uzee. Yakiwa mengi kwa pamoja, ni mizizi iliyofurikwa. Ipande upya katika makumbi na mkaa uleule, vipande vidogo zaidi kuliko vya okidi, na uongeze konzi ya majani makavu yaliyooza, kwani hii inapenda unyevu wa kudumu kidogo. Shina lake hupanda juu kadiri majani ya chini yanavyoanguka na kuota mizizi ya hewani. Lizamishe shina hilo pamoja na mizizi yake wakati wa kuipanda upya.

Spathifilamu wako hana ugonjwa. Wakulima wengi hunyunyizia mimea hii homoni iitwayo asidi ya jibereli ili ichanue yote kwa wakati mmoja kabla ya kuuzwa, na athari yake ikiisha mmea hurudi kwenye mwendo wake wa asili. Huvumilia giza kwa majani, si kwa maua. Msogeze karibu na dirisha, mgawe kama amejaa chungu, naye atachanua kwa wakati wake, maua machache kuliko yale ya dukani.

Wadudu weupe wenye unga kama pamba wakijificha chini ya majani, wafute kwa pamba yenye spiriti na urudie kila wiki hadi wamalizike, na uwazuie sisimizi, maana ndio wanaowalinda. Ikiwa una watoto wadogo, anthuriamu na spathifilamu ziwekwe juu, kwani utomvu wake huunguza mdomo na koo mtoto akitafuna jani.

Ukitaka kuongeza okidi nyingine, usichukue falenopsisi ya pili mpaka hii ikupe maua ya kipupwe kimoja. Tafuta dendrobiamu za aina ya nchi za joto, au vanda, ambazo huchanua katika joto lilelile linaloizuia falenopsisi. Singapore, iliyo karibu kabisa na ikweta na isiyo na kipupwe hata kidogo, iliichagua vanda iitwayo Vanda Miss Joaquim kuwa ua la taifa mwaka 1981. Vanda hutundikwa katika kikapu bila ya udongo wala makumbi mengi, hutaka mwanga mkali kuliko uliomo ndani ya nyumba yako, na mizizi yake inayoning'inia hunyweshwa kila siku, kwa hiyo mahali pake ni roshani au paa. Dendrobiamu ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Utakapokwenda kununua, chagua mmea ambao nusu ya matumba yake bado hayajafunguka, na umwombe muuzaji akuonyeshe mizizi kabla ya kutoa pesa. Akikataa kuitoa chunguni, nenda kwa mwingine.